Maswali ya Wasomaji: Mbona Mwili Unashtuka Kabla Yangu?

Katika toleo lililopita, nikijibu swali la jambo jingine kabisa, nilipitisha sentensi moja ya haraka iliyosema kwamba mtu anayeshtuka ovyo ni kunguru mwoga. Sentensi hiyo imeniletea barua nyingi kuliko jibu lenyewe, na baadhi ya walioziandika wana haki ya kunung'unika. Nimechagua barua tano na kuzifupisha.

Mwalimu, assalamu aleikum. Mimi ni mtu mzima wa miaka 43, nakaa Kibokoni, na kila jioni huketi barazani na wenzangu kwa dhumna na kahawa. Tangu utotoni nashtuka upesi. Wenzangu wamelijua hilo na wamelifanya mchezo: mtu hunijia kwa nyuma akaupiga mlango kofi, nami huruka, kikombe hunitoka mkononi, na mdomoni hunitoka "Mama yangu!" kwa sauti inayofika ghorofani. Wameshaniita Mwana wa Mama. Wewe nawe ukaandika uliyoandika. Naomba kujua mambo mawili: neno sahihi ni kushtuka, kustuka au kugutuka? Na je, mtu wa namna yangu ni mwoga?

Waaleikum salaam, ndugu yangu. La pili nalijibu kwanza, kwa sababu ndilo lililokuuma: hapana, na sentensi yangu ilikuwa ya mtu aliyechanganya mambo mawili.

Tuanze na maneno, kwa maana humo ndimo mchanganyiko wenyewe ulimojificha. Kushtuka na kustuka ni neno moja kwa matamshi mawili, na sioni sababu ya kumsahihisha anayesema hili wala lile. Kugutuka kuna jirani yake lakini si pacha: tunalitumia zaidi kwa mtu aliyekuwa amezama katika usingizi au mawazo, akatoka humo ghafla. Aliyelala hugutuka, aliye macho akipigiwa honi ya tuktuk mgongoni hushtuka. Kisha yapo maneno ya kinachofuata baadaye, nayo ni mengi: kushangaa, kustaajabu, kuduwaa, kupigwa na butwaa, kutaharuki, kuogopa. Tazama jinsi lugha ilivyokuwa makini. Unaweza kuduwaa kwa nusu saa na kuogopa kwa mwaka mzima, lakini hakuna mtu aliyewahi kushtuka kwa nusu saa. Tena wazee wetu husema mguu umeshtuka, wakikusudia kiungo kilichotoka mahali pake kwa ghafla. Hapo hapana hofu wala mshangao, pana mwili tu uliosogea bila mwenyewe kutaka. Maana hiyo ya kifundo cha mguu ndiyo iliyo karibu zaidi na ukweli wa jambo unaloniuliza.

Mlango ukipigwa kofi nyuma yako, sauti huingia sikioni na kupelekwa kwenye shina la ubongo, yaani ile sehemu ya chini inayoungana na uti wa mgongo, na kutoka hapo amri huteremka moja kwa moja kwenye misuli. Haisubiri kupanda hadi kwenye gamba la juu la ubongo, ambako ndiko tunakofikiri na kuamua. Njia ni fupi, na kwa hiyo mwendo ni wa kasi mno: kope huanza kufumba baada ya milisekunde 30 hadi 50 hivi (milisekunde moja ni sekunde ikigawanywa mara elfu), kisha shingo, kisha mabega, na miguu ndiyo ya mwisho. Mtu aliyeambiwa abonyeze kitufe mara tu asikiapo mlio, kidole kikiwa tayari juu ya kitufe, huchukua milisekunde 150 au zaidi. Kwa hiyo kope zako zinapofumba, wewe mwenyewe bado hujapata habari kwamba kuna mlango. Mwoga ni yule aliyejua kuna hatari akarudi nyuma. Wewe unahukumiwa kwa kitendo kilichokwisha kutendeka kabla hujajua lolote.

Mwaka 1939 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Carney Landis na William Hunt, walichapisha matokeo ya kazi ambayo barazani kwenu ingependwa sana: walifyatua bastola nyuma ya watu huku wakiwapiga picha za sinema za kasi, ili baadaye wazitazame polepole. Walichokiona ni kwamba, ingawa sote husema "aliruka", mwili hauruki kwanza. Unajikunyata. Macho hufumba, mdomo hutanuka, kichwa husogea mbele, mabega hupanda, viwiko na magoti hukunjika, ngumi hufumbwa. Ni kama kobe anayetaka kuingia ndani ya gamba ambalo hakupewa. Hata waliozoea bunduki walifumba kope. Kuruka, kupiga kelele, kucheka au kutukana huja baadaye kidogo, na hutofautiana kati ya mtu na mtu.

Kama bado wenzako wanabisha, waambie habari ya Charles Darwin, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1872 kuhusu namna binadamu na wanyama wanavyoonyesha hisia, alieleza jinsi alivyouweka uso wake karibu na kioo kinene katika bustani ya wanyama ya London, na ng'ambo ya kioo alikuwapo moma, nyoka ambaye wengine humwita kifutu. Alikuwa ameazimia kwa nia yake yote kwamba nyoka akigonga hatarudi nyuma. Nyoka akagonga kioo, na bwana yule akajikuta amerukia nyuma hatua moja au mbili kwa kasi ya kushangaza. Kioo alikijua, unene wake aliujua, na maishani mwake hakuwa amewahi kuumwa na nyoka. Ujuzi wote huo haukumsaidia kitu.

Sasa hilo "Mama yangu!" lako. Hilo ni la hatua ya pili. Pumzi iliyokatika inapoachiwa, hutoka na neno lililo karibu zaidi na ulimi, na kwetu maneno hayo ni machache na tumeyazoea tangu utotoni: Subhanallah, Mungu wangu, Yallah, Mama yangu. Mshukuru mama yako kwamba lililokaa karibu ni hilo. Huko Malaysia na Indonesia wako watu, wengi wao wanawake wa makamo na wazee, ambao hali yao huitwa latah: wakishtuliwa hutokwa na maneno ya aibu ambayo wasingeyatamka kwa hiari, au huiga kitendo cha aliye mbele yao. Na mwaka 1880 daktari wa Marekani, George Miller Beard, aliandika kuhusu wakata miti wa jimbo la Maine, wenye asili ya Wafaransa wa Kanada, ambao ukiwashtua na kuwaamrisha "tupa!", hutupa walichoshika. Hao walikuwa wanaume wa shoka, ndugu yangu, katika misitu ya baridi kali. Na huko kote, kama barazani kwenu, watu wa namna hiyo walifanywa kitu cha kuchezewa.

Hapo ndipo ninapowalaumu wenzako. Kishindo kinachojirudia kwa utaratibu mwili hukizoea. Anayeishi karibu na bandari ya Kilindini hashtushwi na honi ya meli kama mgeni. Lakini kishindo kisichojulikana kitakuja lini, kutoka kwa nani, humweka mtu katika hali ya kungojea baya, na mwili unaongojea baya hushtuka kwa nguvu zaidi. Waliosema kwamba muumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka walilijua hilo zamani, ingawa hawakulipima maabara. Leo linapimwa kwa kuhesabu nguvu ya kope kufumba, na imeonekana kwamba hofu iliyofundishwa huiongeza. Giza nalo huongeza mshtuko wa binadamu, ilhali panya, ambaye ni mnyama wa usiku, hushtuka zaidi katika mwanga mkali. Kwa hiyo kila mchezo wanaokufanyia jioni hii unautengeneza mshtuko wa jioni ya kesho, kisha wanakucheka kwa kazi ya mikono yao.

Nina dawa moja ndogo ya kujaribu. Imethibitika kwamba sauti hafifu ikitangulia kishindo kwa muda mfupi sana, chini ya nusu sekunde, mshtuko hupungua, kana kwamba ubongo bado umeshughulika na ile ndogo. Mlango wa zamani wenye bawaba inayolia hukushtua kidogo kuliko mlango uliotiwa mafuta vizuri. Basi usizitie mafuta bawaba za mlango wa barazani, na kaa ukiuelekea ukuta kwa mgongo. Kama ungeniambia kwamba hali hii ilikuanza baada ya ajali ya barabarani au kuvamiwa na wezi, na kwamba usiku hulali na unakumbuka yaliyotokea bila kutaka, ningekwambia umwone daktari au mshauri wa afya ya akili. Lakini umesema ni tangu utotoni, na watu hutofautiana katika hili kama wanavyotofautiana kwa kimo.

Mwalimu, mimi ni mama wa Kisauni, mtoto wangu ana miezi miwili. Nikimlaza, hutupa mikono yote miwili juu kama anayeanguka, kisha hulia. Mama mkwe wangu anasema ni dege linampitia na anataka tumpeleke kwa mtu. Mimi nasita. Nifanye nini?

Mwanangu, mama mkwe wako amelea watoto wengi kuliko mimi, kwa hiyo mfikishie jibu hili kwa heshima yake. Nyumbani kwangu kuna mwembe ulioinamia bati la jiko. Msimu uliopita mjukuu wangu wa wiki sita alikuwa amelazwa chali mkekani, bibi yake ameketi kwenye mbuzi akikuna nazi, na paka amejikunja kizingitini. Embe likaanguka juu ya bati. Mikono ya mtoto ikafunguka, vidole vikachanuka vyote kumi, kisha mikono ikarudi kifuani polepole kama ya mtu anayekumbatia, na kilio kikafuata. Bibi yake mabega yalimpanda hadi masikioni na kizio cha nazi kikabaki hewani. Paka hakuwapo tena. Kishindo kimoja, miili mitatu, kila mmoja kwa mtindo wake.

Mtindo wa mtoto mchanga una jina: unaitwa riflekisi ya Moro, yaani mwitikio wa mwili usiongoja kuamuliwa, kwa jina la Ernst Moro, daktari wa watoto aliyeieleza mwaka 1918. Huamshwa hasa kichwa cha mtoto kinapolegea nyuma ghafla, ndiyo maana unaiona unapomlaza. Madaktari huitafuta kwa makusudi, kwa sababu kuwapo kwake ni dalili njema. Ikikosekana upande mmoja tu, hushuku mfupa wa bega uliovunjika au mishipa ya fahamu ya mkono iliyoumia wakati wa kuzaliwa. Kwa kawaida hutoweka yenyewe kati ya miezi minne na sita. Ukitaka isimsumbue, mteremshe taratibu, shika kichwa mpaka kiguse mto, na mkono wako uache kifuani pake kidogo kabla ya kuuondoa.

Hofu ya mama mkwe wako haikuzuka hewani, kwani degedege ni ugonjwa wa kweli. Mwaka 1841 daktari Mwingereza aitwaye William James West aliandika katika jarida la The Lancet kuhusu mwanawe mwenyewe, ambaye aliinamisha kichwa na kujikunja tena na tena. Leo hali hiyo huitwa kwa jina lake, nayo huanza mara nyingi mtoto akiwa kati ya miezi mitatu na kumi na miwili, umri ambao mshtuko wa kawaida unapaswa kuwa unaondoka. Tofauti ni hii: mshtuko wa kawaida una sababu unayoiona na huja mmoja, ile hali nyingine huja kwa mfululizo, mkunjo baada ya mkunjo, hasa mtoto anapoamka, bila kishindo chochote. Ukiona mfululizo wa namna hiyo, mrekodi kwa simu na umpeleke hospitali siku hiyo hiyo, kwa maana kuchelewa kunaweza kumdhuru ubongo. Vilevile mtoto anayekakamaa mwili mzima kama ubao kila anapoguswa pua ana ugonjwa nadra unaohitaji daktari. Huyo wako, kwa ulivyonieleza, hayumo katika makundi hayo.

Kila nikikaribia kulala naona nimeteleza ngazini, mguu unarusha teke, na mke wangu anaamka kabla yangu. Ni ndoto au ni maradhi? — Msomaji wa Changamwe

Wala si hili wala lile. Usingizi unapoingia, misuli hulegea, na mara nyingine hutokea mkazo mmoja wa ghafla katikati ya kulegea huko. Ndoto ya ngazi huungana na teke lile lile. Watu wengi sana huipata, nayo haina madhara. Huongezeka kwa uchovu, wasiwasi, saa za kulala zisizo na mpango, na kahawa. Kafeini haitoki mwilini upesi kama watu wanavyodhani: baada ya saa tano hivi nusu yake bado imo, kwa hiyo kikombe cha baada ya magharibi utakuwa nacho kitandani. Miguu ikirusha usiku kucha, kila baada ya nusu dakika hivi, hilo ni jambo jingine na umweleze daktari. Mke wako aanze kuhesabu.

Mwalimu, huku kwetu Likoni mtu aliyefiwa hafikishiwi habari kwa ghafla. Huzungushwa, huambiwa mgonjwa amezidiwa, huketishwa, ndipo aambiwe. Vijana wanasema ni kupoteza wakati. Je, mshtuko unaweza kuua kweli?

Dada yangu, wazee hawakupoteza wakati. Ule mkunyato wa sekunde moja niliomweleza ndugu wa Kibokoni haudhuru mtu, lakini nyuma yake hufuata adrenalini, homoni ya dharura, inayoufanya moyo kwenda mbio, kinywa kukauka na vinyweleo vya mikononi kusimama. Kwa moyo mzima hayo hupita baada ya dakika chache.

Ila si kila moyo uko sawa. Mwaka 1990 madaktari wa Japani walieleza hali ambayo mtu aliyepata huzuni au mshtuko mkubwa hushikwa na maumivu ya kifua kama ya mshipa wa moyo ulioziba, lakini mishipa ikitazamwa iko wazi. Kilichotokea ni kwamba ncha ya chini ya moyo imelegea na kufura, shingo yake ikabaki nyembamba. Umbo hilo liliwakumbusha chungu cha kutegea pweza, kwa Kijapani takotsubo, na jina likabaki hivyo. (Huku kwetu pweza hufuatwa kwenye pango lake kwa mchokoo maji yakitoka, angekuwa Mswahili aliyeligundua, lingepata jina jingine.) Wengi wanaopatwa ni wanawake waliokwisha kukoma hedhi, na wengi wao hupona baada ya wiki chache, ingawa wapo wanaokufa. Pia iko hitilafu ya kurithi katika umeme wa moyo, ambayo aina yake mojawapo huchochewa hasa na sauti ya ghafla, kama kengele ya saa au simu inayolia alfajiri. Mtu aliyewahi kuzimia kwa mlio wa simu, au ambaye jamaa zake wamekufa ghafla wakiwa vijana, apimwe umeme wa moyo; kipimo chenyewe ni cha dakika chache na hakiumi.

Kuna utata wa neno ambao nauondoa hapa. Magazeti yanapoandika kwamba fulani amekufa kwa "mshtuko wa moyo", mara nyingi hayasemi kwamba alishtuliwa. Yanasema mshipa unaolisha moyo wake uliziba, na kuziba huko huandaliwa kwa miaka mingi na shinikizo la damu, sigara, kisukari na mafuta, hata kama siku ya mwisho ilikuwa ya utulivu. Wengi wamebebeshwa lawama ya kumshtua marehemu bila kosa.

Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 12. Bibi alikuwa na kwikwi, nikajificha nyuma ya mlango nikamshtua ili zikome. Zilikoma, lakini nilipigwa kandambili. Je, nilikosea?

Marahaba, mjukuu wangu. Kwikwi ni mikazo ya ghafla ya kiwambo, msuli ulio chini ya mapafu unaokusaidia kuvuta pumzi. Ukimshtua mtu, pumzi yake hukatika na kushikwa kwa kitambo, na kushika pumzi ni mojawapo ya njia za kuituliza mikazo hiyo. Kwa hiyo huenda ulimsaidia, na huenda pia zilikuwa zikikoma zenyewe, kama zinavyofanya nyingi. Kosa lako ni kumchagua bibi, ambaye angeweza kuanguka. Kandambili ilikuwa ya haki. Safari ijayo mletee glasi ya maji ya baridi na umwombe ashike pumzi ahesabu hadi kumi, na zikimzidi saa 48 mwambie baba yako ampeleke hospitali.